Mtani Wangu Kashika Karatasi ya Zuhura

Jumapili, magharibi bado. Mvua imenyesha toka asubuhi, Kariakoo yote tope na maganda ya machungwa, na mimi nina hasira ambazo sijui nimpelekee nani. Utazipokea wewe daftari, maana wewe hujibu.

Leo palikuwa na mdahalo Tawini, kwenye ukumbi wa Chama. Mwenyekiti aliandika ubaoni tangu Jumatano: Kaburu wa Afrika Kusini sasa bomu la atomiki analo, inasemekana, je, tuzungumze naye au tusizungumze? Ndiyo maneno ya mji mzima siku hizi. Redio imesema majirani wengine wameshaanza kukaa naye meza moja. Hata kwenye foleni ya sukari watu wanashikana mashati kwa ajili ya Kaburu, na sukari yenyewe hakuna.

Mimi nilisimama upande wa kukataa. Sikupangiwa, niliudai. Nani mwingine pale Tawini kaona bomu kwa macho yake? Mimi nimezaliwa kwetu Tunduru, ng'ambo ya mto walikuwa Wareno. Nilikuwa nimeshavunja ungo ndege yao ilipodondosha kitu chake kwenye shamba letu la mihogo. Mama yangu alikuwa shambani. Tulizika kanga na kidogo kilichobaki. Kwa hiyo mtu asije akaniambia mimi habari za kuzungumza.

Upande wa pili akasimama Mzee Haule, fundi wa kuziba sufuria na majiko, Mngoni wa Songea. Huyu ni mtani wangu. Babu zake waliwachoma moto babu zetu Wayao, wakachukua ng'ombe na wanawake, babu zetu nao wakalipiza, na mwisho wake ndio huu: leo anaingia jikoni kwangu bila hodi, anafunua sufuria, anakula, ananitukana na kuondoka, na mimi sina ruhusa ya kununa. Akifiwa, mimi ndiye wa kwenda kumchekesha. Mwanaye alikwenda vita vya Kagera hakurudi. Siku ya matanga nilivaa shati la marehemu, nikagaagaa uwanjani nikidai Wangoni wameniibia mume. Mzee alicheka mpaka akalia vizuri. Ndiyo kazi ya mtani.

Basi akaanza polepole, kama kawaida yake. Akasema mwizi wa panga unampigia kelele, majirani wanakuja. Lakini huyu kasimama katikati ya nyumba iliyomwagiwa petroli, kibiriti mkononi, na watoto wetu wamo humo humo ndani. Huyo humrukii. Unamkalisha, unamchosha kwa maneno, mpaka kibiriti kilowe jasho. Na wa kuzungumza naye si sisi, akasema, ni wenye nchi, waliomo jela. Sharti la kwanza wafunguliwe, wakae wao, sisi kazi yetu kutandika mkeka.

Wazee wakaitikia. Nikaona mdahalo unaniponyoka.

Nikasimama. Nikamuuliza: utampa nini ili aondoke? Maana mazungumzo ni kupeana. Utamwachia chumba gani, Mzee Haule? Cha uani? Cha mwanao? Nikasema mwenye bomu akijua unaliogopa, keshakutawala bila kulipiga. Nikasema kuzungumza na aliyekushikia silaha ni woga uliovaa kanzu. Ukumbi ukaanza kuchemka, vijana wakapiga meza.

Ningeishia hapo.

Sikuishia. Nilimwona anatabasamu, lile tabasamu la mtani anayengoja zamu yake, na likanichoma. Nikasema: "Nyie Wangoni mlikuwa wanaume zamani! Wewe toka mwanao afie Kagera umeufyata. Kila ukisikia mlio wa bomu unamwona yeye, halafu unataka na sisi tutetemeke pamoja nawe!"

Watu walicheka nusura wafe. Mtani kamtukana mtani, kosa liko wapi? Hata Mwenyekiti alijifuta machozi.

Mzee Haule hakucheka. Alinitazama tu.

Alijua. Utani una macho yake. Mtu anakutukana huku macho yanakuchekea. Leo mimi sikuwa namchekea. Nilitaka kumuumiza nishinde, nikachukua ruhusa ya utani nikaifichia kisu. Watu mia walikuwa pale, na ni sisi wawili tu tuliojua. Ningemtukana jirani yeyote hivyo angeniburuza kwa balozi wa nyumba kumi. Yeye hana pa kunishitaki, maana desturi yenyewe ndiyo imemfunga mdomo.

Na nilishinda, daftari. Mikono iliponyooshwa, upande wangu ulikuwa msitu.

Mwenyekiti naye kwa kupandwa na mori, na hakuna mtu aliyemtuma, akachana karatasi kwenye daftari la mahudhurio. Akasema maneno matupu hayavunji mfupa. Wenye moyo waje waandike majina ya kujitolea kwenda kupigana kusini. Jumamosi anayapeleka wilayani.

Vijana wale wale waliopiga meza wakaanza kutazama viatu vyao.

Akainuka Zuhura wangu.

Ana miaka kumi na tisa. Nimezaa mmoja tu. Mwaka jana alimaliza jeshi la kujenga taifa, akarudi na mabega mapana, nywele kakata. Alipita katikati ya watu bila kunitazama, akachukua kalamu akaandika jina lake na la baba yake marehemu, herufi kubwa kubwa. Watu wakageuka wote kuniangalia mimi, mama wa shujaa.

Unajua nilifanya nini? Nilipiga makofi. Ningefanyaje na mdomo ule nilioutoa? Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, na vigelegele nikataka kupiga, havikutoka.

Ndipo Mzee Haule aliponyanyuka na fimbo yake, akachechemea mpaka mezani, akaichukua ile karatasi, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni. Mwenyekiti akaropoka, "We Mzee, hicho ni kitu cha Tawi!" Yeye akajibu, "Ni mali ya Myao hii, ina jina la mwanaye. Mimi mtani wake nimeiteka. Anayeitaka aje aikomboe."

Ukumbi ukaangua kicheko tena. Ndiyo desturi, mtani akikutekea kitu huendi kumpora, unakomboa. Mwenyekiti mwenyewe Mzaramo anajua. Akabaki kashika kalamu. Zuhura alikasirika, akasema ataandika jina karatasi nyingine. Akaambiwa na wazee kelele, subiri mama yako akomboe kwanza.

Tulipokuwa tunatoka nikamfuata Mzee Haule mlangoni, nikamwambia kwa sauti ya chini nitamletea jogoo. Akasema jogoo ataliwa na nani, yeye meno hana. Anataka mimi na Zuhura tuje kwake, tukae kwenye mkeka wake, tuzungumze mbele yake mpaka tumalize. Tukimaliza tukiwa bado tunataka vita, karatasi atatupatia bure. Kisha akasema, "Na mimi usiniombe radhi hapa mbele za watu, wataharibu." Akaenda zake na mvua yake.

Alinichukia saa ile. Nilimwona. Na bado aliinuka.

Tumerudi nyumbani mimi na Zuhura. Nimepika, hajala. Aliniuliza swali moja tu, amesimama hapo mlangoni: "Mama, leo ulikuwa unasema kweli, au ulikuwa unatafuta makofi?" Nikamwambia afunge dirisha, mvua inaingia. Hilo ndilo jibu nililompa mwanangu.

Nilikuwa nasema kweli! Kaburu namchukia mpaka leo hii, na Mreno, na yeyote anayerusha kitu toka juu kwa mama wa mtu anayechimba mihogo. Hasira hiyo si ya uongo na wala siitubii. Lakini kila nilipokuwa nasema "tupigane", nilikuwa naona watoto wa watu wengine. Aibu iliyoje. Mzee Haule aliposema watoto wetu wamo ndani ya nyumba, yeye alikuwa anawaona. Wake keshateketea.

Kesho kabla sijashuka sokoni Shimoni kufungua meza yangu ya nazi, nitapita kwake. Shikamoo kwanza, halafu samahani, na isiwe ya utani hata chembe. Hilo nitaliweza, hata akinifukuza.

La Zuhura ndilo sijui. Yumo chumbani hapo, namsikia anapiga brashi viatu vyake vya jeshi. Kanifuata kila neno nililosema leo, na ana haki ya kukataa kuzungumza, mimi mwenyewe nimemfundisha. Siku sita hadi Jumamosi. Nilimuuliza Mzee Haule mbele ya watu wote, kwa kiburi: utampa nini ili aondoke?

Na mimi huyu nitampa nini ili abaki?