Maji ya Ukoko ya Doria

Mahajanga, Jumanne, Februari 1962

Na bakuli lake bado liko uani. Sijaweza kuliondoa.

Doria, mbwa wetu, amekufa leo alasiri. Tangu jana alikuwa akitapika, kwanza chakula, kisha povu la njano. Bibi jirani, aliyewahi kufanya kazi kwa daktari wa mifugo, alinieleza akiwa upande wa pili wa ua: "Usimpe chakula, binti yangu. Mpe maji ya ukoko, yale yaliyochemshwa na wali ulioungulia chunguni, kijiko kimoja, ungoje, kisha kingine. Akinywa kwa pupa atayarudisha yote."

Nilimwelewa vizuri. Ndivyo nilivyomnywesha Salima wangu alipotapika mwezi uliopita, usiku kucha, kijiko kwa kijiko.

Lakini mate ya mbwa ni najisi, nami nilikuwa na udhu, tena nimechoka. Nikajaza bakuli, nikaliweka chini, nikaingia ndani kuswali. Alilimaliza mara moja. Akatapika yote. Nikajaza tena. Mara tatu, Mungu wangu, mara tatu nilimjazia.

Jioni Salima akaniuliza, "Mama, si ulimpa maji yale yangu? Mbona mimi nilipona?"

"Kula, mwanangu," nikamwambia.

Mume wangu ndiye aliyemleta Doria kutoka kisiwa cha Nosy Be, akiwa mdogo, analala ndani ya kofia. Hakunilaumu. Alichimba tu, akafukia.

Labda angekufa vilevile. Sijui.

Lakini kijiko huoshwa. Mara saba, moja kwa udongo, nimelijua hilo tangu chuoni, nilipokuwa nikisoma Kurani. Kingetakata, nami ningeswali.