Mifupa Yenye Hereni

Mjukuu wangu, mume wangu,

Huku ughaibuni Rissne hatujambo, isipokuwa magoti yangu na theluji iliyogoma kuyeyuka. Anayeandika ni dada yako, eti nipunguze maneno!

Picha uliyoichapa imefika. Mifupa imevaa hereni, inamwita kijana kwa kidole! Unauliza kama ni kufuru, na kama ulitupe lile bati ulilolichonga ili kuichapa. Sijui, baba.

Nilipokuwa msichana, shangazi yangu alifariki. Watani wakaja kuchekesha wafiwa, kama ilivyo kwetu. Mmoja, mama mzima, akajifunga kanga ya marehemu, akaingia kaburini, akajilaza, akanikonyeza: "Njoo tulale, mwanangu, huku hakuna kuteka maji!" Watu wakacheka huku wanalia. Nami nikacheka, mara mguu wangu uko ukingoni. Baba yangu akanivuta.

Nilimtaka shangazi, au nilichoka kuteka maji? Mpaka leo sielewi. Yule mtani alitoka akanikumbatia, ananuka udongo, moyo wake unadunda kama ngoma.

Bati usilitupe. Lakini usilitazame peke yako. Njoo nalo, tulitazame wote.

Mkeo mzee,
Bibi