Mazabodi ya Taa Nyekundu na Miwani ya Mama

Shangazi mshauri, shikamoo. Naomba unijibu kabla ya Jumamosi, maana fundi wa kompyuta amesema baada ya siku hiyo hatatuwekea tena mzigo wake, na mimi bado nazunguka palepale.

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Mama anafanya kazi ya kuchapa katika chumba chetu cha mbele, barua za kuomba kazi, fomu, kadi za mialiko, na kompyuta yetu ndiyo mkono wake wa kulia, ila mwezi uliopita umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo ukaunguza mazabodi, yaani ule ubao mkubwa ndani ya kasha ambao kila kitu kingine huchomekwa juu yake. Prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote, ilipona, diski ilipona, mazabodi ikafa. Mama akaniambia, "Wewe ndiye unayesoma hayo mambo, mwanangu. Chagua, mimi nitalipa."

Fundi anazo mbili. Ya kwanza ni ya kijani, haina mbwembwe. Ya pili ni nyeusi, ina mabamba mazito ya kupoza joto na taa nyekundu pembeni, bei yake ni mara tatu ya ile ya kijani, na sifa yake ni kwamba inakuruhusu kuisukuma prosesa ikimbie kupita mwendo iliopangiwa kiwandani. Binamu yangu, ambaye mtaani wanamwita Injini kwa sababu hawezi kukaa bila kunguruma, amenishikilia nichukue nyeusi. Anasema, "Dada, hiyo ya kijani ni ya kuchapia risiti. Wewe una mradi." Prosesa yake ni ya familia moja na yetu, ila ni ile "isiyofungwa", neno analolitamka kama mzazi anayesema mwanawe ni daktari, na mimi sikujua maana yake nikaona haya kuuliza. Kwa bahati mbaya mazabodi yake ni dhaifu, kwa hiyo anaujua uchungu wa mwendo mdogo, na amejitolea kukaa na hiyo nyeusi chumbani kwake wiki mbili za kwanza ili aizoeshe.

Mradi kweli ninao. Natengeneza katuni inayoonyesha jinsi moyo unavyosukuma damu, kwa ajili ya maonyesho ya sayansi, na kila sekunde kumi za filamu kompyuta huzikamilisha kwa saa kumi. Mwalimu wa baiolojia amesema ikitoka vizuri itapelekwa kwenye mashindano ya shule zote, na mimi sijawahi kupelekwa popote.

Sasa aibu yangu. Nilimwambia mama kwamba ile ya kijani haiingiani na prosesa yetu. Si kweli, inaingiana. Mama hakuuliza mara mbili, alitoa bahasha ya pesa za miwani mpya, maana ya zamani ilivunjika, akasema, "Miwani itasubiri, macho yapo tu." Tangu hapo nikimwona anasogeza karatasi za wateja hadi puani, natoka chumbani. Je, mwendo huo unastahili bei hiyo? Na nikishinda, si atafurahi? Namba ya prosesa yetu nimeinakili nyuma ya karatasi hii, pengine itasaidia.

Ni mimi, Mchora Moyo.

*

Marahaba, Mchora Moyo. Una mwandiko safi, na hata uongo wako umeupangia aya yake. Walimu wako wamefanya kazi.

Hiyo namba nimempelekea fundi anayetengeneza kompyuta za gazeti letu, mtu ambaye sijamwona akicheka tangu nimfahamu. Alicheka. Prosesa yenu imefungwa kiwandani, binti, na ndiyo maana ya lile neno uliloona haya kuliuliza. Haisukumiki. Iweke juu ya kijani, iweke juu ya nyeusi, izungushie taa za rangi zote, itakwenda mwendo uleule. Ulikuwa unamnunulia mtu aliyefungwa miguu viatu vya mbio, tena vya bei kali.

Nikamuuliza, na kama isingefungwa? Akasema mngehitaji pia feni kubwa zaidi, na pengine kifaa cha umeme chenye nguvu zaidi, ambavyo bila shaka mama angeuza kitanda kuvilipia, na baada ya hapo saa zako kumi zingekuwa tisa. Saa moja. Biashara nzuri sana kwa macho mawili.

Injini nampongeza. Si kila siku unapata ndugu mwenye huruma ya kulea mazabodi ya watu kwa wiki mbili. Ana prosesa inayosukumika, ana mazabodi dhaifu, na ile anayotaka mama yako alipie inaingia kwake kama mkono kwenye glavu. Wewe unayejua vyumba vyote vinne vya moyo, hukuona anakaa chumba gani?

Unauliza kama mama atafurahi ukishinda. Atafurahi mno. Atapiga makofi akitazama upande ambao sauti yako inatoka.

Haya, sasa nisikilize. Jumamosi nenda na mama mchukue ya kijani. Fundi aipachike prosesa yenu palepale, kompyuta iwake mkiiona, na awape risiti yenye dhamana, maana bei nafuu bila dhamana nayo ni hasara. Kutoka hapo mguu wa pili ni kwa daktari wa macho. Filamu yako ipunguze ukubwa wa picha. Moyo mdogo hupiga vilevile. Kisha kamwombe mwalimu wa baiolojia akufungulie chumba cha kompyuta cha shule siku moja isiyo ya masomo, uigawe filamu vipandevipande, kila kompyuta ikamilishe chake. Hakuna mazabodi nyeusi itakayozifikia kompyuta kumi, na kazi yako, kwa jinsi ulivyoieleza, nadhani inastahili kusafiri.

Lakini kabla ya hayo yote mwambie mama kwamba ulimdanganya, na umwambie leo. Usimwandikie barua nzuri kama hii ukamwachia mezani. Kaa mbele yake useme kwa mdomo wako. Barua hataweza kuisoma.