Taya la Pili la Fulu

Waya, shangazi yangu mpendwa,

Kuna jambo ambalo kwa muda mrefu sikumwambia mtu: ndani ya mkebe wangu wa jometri, chini ya kipimapembe, huwa nabeba taya la fulu, kisamaki cha ziwani. Nimefanya nalo mitihani. Nimeingia nalo kanisani Sabato baada ya Sabato, Baba akiwa mbele na wazee wenzake, mimi nimeketi nyuma nikijua liko mkobani. Ulinipa wewe, likiwa bado na mchuzi.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Sisi tulikuwa tumetoka Migori kuja kisiwani Rusinga kwa Dani, mama yake Baba, nawe umetoka Nairobi na beseni zako. Tangu asubuhi ulikuwa ufuoni na akina mama wanaochambua samaki, ukiwaomba fulu, vile visamaki ambavyo wao huwaachia watoto.

"Profesa mzima unaomba fulu?" mmoja alikutania. "Nunua ngege, samaki wa maana, ule kama watu!"

Ulicheka naye. Ukarudi nyumbani na beseni imejaa, ukawapanga samaki wako aina kwa aina juu ya majani ya mgomba, kisha ukaenda kuoga. Ulipotoka, Dani alikuwa ameshawapika. Wote. Kwa nyanya na kitunguu.

"Nilikuona umechoka," Dani alisema. "Na vile umewapanga vizuri, nikajua una njaa."

Mama alifunika mdomo. Mimi niliogopa ungelia. Wewe ulinawa mikono, ukaketi, ukasema, "Basi leo tutasoma tukila." Ulimfungua samaki wa kwanza kwa vidole, ukachomoa kooni mwake kijifupa cha pembetatu, kidogo kuliko ukucha wangu. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba fulu ana taya la pili. La mdomoni hukamata, la kooni husaga. Uliyapanga mataya ukingoni mwa sahani. Mengine yalikuwa na vijino vyembamba kama vya brashi. Moja lilikuwa nene, meno yake mapana kama kokoto.

"Huyu alikula nini, nyathina, mwanangu?"

"Konokono," nilijibu, kwa ile sauti yangu ya chini.

"Sema tena. Mama yangu hajasikia."

"Konokono!"

Ndipo ukaniwekea taya lile kiganjani.

Baadaye ulinieleza mengine, tukiwa tunaosha sufuria. Kwamba aina zote zile zilitokana na mababu wachache. Watoto wa samaki mmoja hawafanani kwa kila kitu, na aliyezaliwa na meno yanayofaa chakula kilichopo alikula, akazaa, akaacha meno hayo kwa wanawe, kizazi hadi kizazi. Kisha ukanipa wazo lako mwenyewe, lile lililokufanya ualikwe nchi za mbali na kubishiwa huko miaka mingi kabla ya kukubaliwa. Jike la fulu humchagua dume kwa rangi. Maji yakichafuka kwa udongo wa mashambani, hamwoni sawasawa, anamchukua yeyote, na aina mbili huchanganyika zikawa moja.

"Hakuna aliyewaua," ulisema. "Hawakuonana tu."

Baba hakupenda. "Dada yangu anamfundisha mtoto kwamba tumetoka kwa samaki," alilalamika kwa Dani.

"Sijasema umetoka kwa fulu, omera, kaka yangu," ulimjibu. "Nimesema ni ndugu yako wa mbali. Tena yeye hana kelele."

Hata Baba alicheka siku hiyo. Lakini ulipoondoka hakuitaja kazi yako tena, nasi tukajifunza kutoitaja.

Ulipofariki, Baba ndiye aliyeandika wasifu wako. Alinitaka niusome kwa Kiswahili, kwa ajili ya wenzako wa chuo na wajomba zangu Wakuria. Niliusoma kimya kwanza. Ulizaliwa, ulisoma, ulifundisha chuo kikuu, hukujaliwa ndoa wala watoto. Basi.

"Baba, mbona kazi yake haimo?"

"Watu wamekuja kuzika, si kubishana." Hakuwa na hasira. Macho yake yalikuwa mekundu.

Nilimwelewa. Lakini wale akina mama wa ufuoni walikuwa wameketi chini ya turubai, na nilijua wangekufunika mchanga bila kujua kamwe ulikuwa ukitafuta nini katika beseni zao. Nilipomaliza kusoma karatasi ya Baba, miguu ilitaka kwenda kuketi. Nikafungua mkebe. Kipimapembe kikaanguka.

"Hili ni taya la fulu," nilisema. "La kooni."

"Hatusikii!" mtu aliita kutoka nyuma.

Nikasema tena, kwa sauti. Nikaeleza meno mapana na konokono, rangi na maji machafu. Niliposimulia beseni na majani ya mgomba, Dani aliinua fimbo yake kitini.

"Ni mimi niliwapika! Nao walikuwa watamu!"

Turubai zima lilicheka, Waya, na wenzako wa chuo wakapangusa macho. Baba alinijia. Nilidhani ataniambia niketi. Alinyoosha mkono, akaligeuza taya kiganjani kwa muda mrefu.

"Yeye ndiye aliyelitoa?"

"Ndiyo, Baba. Kwa vidole."

Akanirudishia, akaomba wimbo uanzishwe.

Bado naomba kabla ya kulala. Sijui bado jinsi ya kuweka maombi yangu na mafundisho yako mahali pamoja, na sasa hupo tena uniambie. Huwa nakukasirikia kidogo kwa hilo. Kisha nakumbuka hukuwahi kunitaka nichague. Uliniuliza tu samaki alikula nini.

Wageni walipoondoka, nilichukua beseni yako ya bluu, nikaenda ufuoni. Yule mama aliyekutania kuhusu ngege alinijazia fulu bila kuniuliza. Nyumbani niliwapanga juu ya majani ya mgomba, nikawafungua koo mmoja mmoja, nikaanika mataya juu ya bati. Halafu nikampelekea Dani samaki wapikwe.

Lala salama, Waya.

Nyathi, mtoto wa kaka yako