Chumvi Imekolea

Kaka yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba ule mgongo wako umeanza kukuheshimu kama mstaafu anavyostahili. Sisi huku afya tunayo. Wapwa zako wanakula, wanakua na kupasua viatu. Lakini nikisema hatujambo nitakuwa nimesema nusu, na kwako wewe sijazoea nusu.

Najua utajiuliza huyu Chiriku kapatwa na nini hadi aandike wakati simu anayo. Nyumba yetu unaijua: ukikohoa jikoni, aliye chumbani anakuambia pole. Mambo haya siwezi kuyasema shemeji yako akiwa nyuma ya pazia. Nimekuja kwa jirani yetu fundi cherehani, naandikia juu ya meza yake ya kukatia vitambaa, naye ananitazama kama naandika wosia.

Ni juu ya kazi ya shemeji yako. Tangu ulipomwachia jiko la hoteli amelishika vizuri, hilo hata wewe ulilikiri, ingawa ulilikiri kwa kuguna tu. Sasa ile supu ya Kitaliano uliyomfundisha, minestroni, imeanza kurudi kutoka mezani. Wageni wanalalamikia chumvi. Aliporudisha mmoja tulicheka, tukasema labda ana presha. Halafu ikarudi meza nzima. Mwenye hoteli amemwambia kwamba Jumamosi atakuja kuionja mwenyewe, na ikimshinda kumeza, mwiko utashikwa na mwingine. Unamjua shemeji yako. Ukimuuliza yeye ni nani, atakwambia mpishi kabla hajakwambia jina. Ninaogopa, kaka. Ninaogopa atakayebaki mwiko ukishaondoka.

Tangu malalamiko yalipoanza amekuwa akiipika nyumbani kila Jumapili, atafute kosa lilipo. Maharage analoweka Jumamosi. Asubuhi anakata vitunguu, karoti na seleri vidogo vidogo kama ulivyokuwa ukimlazimisha, anavikaanga polepole mpaka nyumba nzima inanukia. Kisha nyanya, viazi, kabichi, maharage yaliyokwisha chemka, na lile ganda gumu la jibini analolitumbukiza likae humo liyeyuke. Tambi fupi zinaingia mwishoni, na chumvi baada ya kila kitu. Sheria yako naikumbuka, kwa kuwa uliirudia mpaka mama akakukataza: ganda la jibini lina chumvi yake, kwa hiyo usitie yako kabla hujaonja.

Na kuonja ndiko kulikobadilika. Zamani alijidondoshea tone kiganjani, akalamba, akafumba macho, na hapo ole wako umsemeshe. Siku hizi akawa ananidondoshea mimi. Anashika mkono wangu, anapuliza lile tone lisiniunguze, kisha anasubiri huku akinitazama usoni. Kaka, nilidhani ni mapenzi. Fundi cherehani alituona dirishani, akaniuliza nimempa nini huyo mwanamume, nimgawie na yeye ampe wake. Nikavimba kichwa. Wiki nzima nikawa natembea barabarani kama bibi harusi.

Sasa mwanamke anayeshikwa mkono namna hiyo atasema nini? Supu ilikuwa na chumvi ya kukunja uso, nisikufiche. Mimi sikukunja. Nilimwambia imekolea. Neno lenyewe unalijua lilivyo: chumvi ikitosha, imekolea; na ikipita kiasi, mtu akitaka kukwepa, anaweza kusema vilevile imekolea. Nikajificha humo kila Jumapili. Yeye anashukuru, anatabasamu, na Jumatatu anakwenda kuwapikia wageni kipimo kilekile.

Jumapili iliyopita nilikuwa uani naanika nguo. Fundi cherehani akapiga kelele kutoka kwake kwamba kuna kitu kinaungua kwetu, akaongeza na utani wake kwamba jungu kuu halikosi ukoko. Nikakimbia nikidhani shemeji yako ametoka. Nikamkuta amesimama palepale, mwiko mkononi, uso juu ya sufuria, na moshi unampita puani. Maharage yalikuwa yameshika chini, meusi. Jirani ameisikia harufu kupitia ukutani, na yeye aliyeinamia sufuria hana habari.

Nilizima jiko, nikamkalisha kwenye ndoo, nikamuuliza. Aliuweka mwiko sakafuni. Kisha akasema kwamba tangu yale mafua makali yaliyomlaza, hasikii harufu wala ladha. Chai na maji kwake ni kimoja. Amekwenda kwa daktari peke yake, na daktari amemwambia huenda vikarudi, huenda visirudi. Hakutaka mtu ajue, kwa maana mpishi asiyeonja ni sawa na dereva asiyeona. Basi akatafuta ulimi wa kuazima, na akaona hakuna ulimi anaouamini kuliko wangu. Hakuwa ananilisha, kaka. Alikuwa anapima.

Ningeweza kunyamaza. Lakini moyo ulinichoma nikamwambia yote: kwamba supu ilizidi chumvi, na mimi nilijua, nikasema imekolea ili asiuachie mkono wangu. Hakunipigia kelele. Angenipigia ningepona. Alianza kuniuliza moja moja, kwa upole. Ile ya Jumapili ya mvua? Nikasema ilizidi. Ile aliyompikia mwanetu alipofaulu? Ilizidi. Ile aliyokuja nayo kutoka kazini, akasema leo nimepatia? Nikalia, nikasema na hiyo.

Kisha akauliza ile ya kwanza kabisa, aliyoipika alipokuja kujitambulisha nyumbani, ukamsukuma jikoni kwa mama ukamwambia anayemtaka dada yako aivishe kwanza sufuria. Nikamwambia ile ilikuwa tamu, tamu kweli, mpaka mama aliomba ya pili. Akanitazama. Akasema, asante mke wangu, najua, hata hiyo ilikolea.

Hajaniamini tangu siku hiyo. Nimemwambia nitasimama naye Jumamosi kwenye mlango wa nyuma wa jiko nimwonjee kabla sahani haijatoka, na nitasema ukweli hata ukimuuma. Nimemwomba pia amweleze mwenye hoteli maradhi yake. Amekataa yote mawili. Anasema labda hakuwahi kuwa mpishi, labda tangu mwanzo alikuwa na mke mwenye adabu tu. Aproni yake ameikunja ameiweka juu ya kabati.

Kwa hiyo nakuomba, kaka. Wewe ulikula sufuria ile pamoja nasi, na ulimi wako ulikuwa mzima. Tena hujawahi kumsifu mtu bure. Hata harusini kwangu ulisema wali haukuiva. Mpigie simu kabla ya Jumamosi. Usimwambie kwamba nimekuandikia. Mwambie tu supu ile ilikuwaje. Akikuamini wewe juu ya ile moja, huenda akaniamini mimi juu ya hii.

Wifi nisalimie sana, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Fundi cherehani naye anakusalimu, ameniachia karatasi na hajauliza neno, jambo ambalo kwake ni muujiza.

Lakini kumbuka vizuri kwanza, kaka. Kama ile supu haikuwa tamu, usimpigie. Uongo wangu mmoja umetutosha.

Mdogo wako akuheshimuye,
Chiriku