Mama Mkwe Kaitikia, Mfuko Ukawa Rahisi

Mpendwa mshauri, naomba uninusuru kabla ya Jumatatu. Nafanya kazi kwa dalali wa hisa, kazi yangu ni kupima kila kitu kabla hakijauzwa, ni cha kawaida au ni tata, yaani kile ambacho mteja lazima kwanza aulizwe maswali tuone kama anakielewa. Sasa nikaletewa mfuko wa uwekezaji unaouzwa sokoni kama hisa, ila huu unakopa na kucheza na mikataba ya kubashiri bei ili kila siku upande mara mbili ya soko, na soko likianguka unaanguka mara mbili, nikaumiza kichwa hadi nikachoka, na mama mkwe alikuwa kwetu anakunja nguo, nikasema ngoja nimweleze, huyu akielewa basi mfuko ni wa kawaida, naye akawa anaitikia, "Ehee, baba, ehee, nimekupata," nikaandika: wa kawaida. Kumbe alichosikia ni "mara mbili" tu! Jana kaniita pembeni, anacheka, eti yeye na wenzake wa saluni wanakuja ofisini Jumatatu kununua, "Na nimewaambia mkwe wangu ndiye kaupitisha!" Nikisahihisha, ataulizwa maswali mbele yao na atafeli, na mke wangu keshasema mama yake akiaibika nitamjua. Nikinyamaza, wataumia. Nifanyeje?

Mkwe Mashakani

JIBU: Pole, mkwe, lakini unastahili bakora. Nani alikufundisha kupima mfuko kwa kumtazama mama wa watu usoni? Ulivyomkazia macho vile, ungemsomea hata orodha ya vipuri vya trekta angeitikia. Anakuheshimu!

Utata umo ndani ya mfuko, haumo kichwani mwa mama. Kuuzwa kama hisa hakuufanyi uwe wa kawaida. Ungekuwa unashika hisa za soko na kulifuata tu, ningekuelewa. Huu unakopa, una mikataba, na ukikaa nao miezi, hiyo "mara mbili" ya kila siku haijumliki unavyodhani. Na wewe mwenyewe uliumwa kichwa! Ulitaka dalili gani nyingine?

Leo hii, siyo kesho, mwambie bosi umekosea, mfuko uandikwe tata. Kisha nenda kwa mama na mkeo, useme, "Mama, nilikueleza vibaya. Nilisifia kupanda, habari ya kuanguka nikaipitia juu juu." Aibu ibebe wewe, ni yako. Halafu mwache mama awaambie wenzake mwenyewe. Atawaambia mkwe wake kauzuia mfuko mbaya kwa ajili yao, na wewe usimsahihishe hata neno moja.