Ulimwambia Kila Mtu Isipokuwa Mimi

Dada Tedi,

Leo sianzi kwa salamu. Salamu zako ndizo zilizonifikisha hapa. Miaka yote ulianza vilevile: "Mimi huku ni mzima wa afya njema, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na macho yangu." Mzima wa afya njema! Uliandika hivyo hata katika ile barua ya mwisho, ambayo jirani yako Mama Kulwa ameniambia uliiandika ukiwa umeegemea mto, ukipumzika kila baada ya mstari. Nami kule Njombe nikaisoma kwa sauti mbele ya baba na mama, tukafurahi.

Huu ni mwezi wa nane tangu tukuzike. Ni Jumapili mchana, nimekaa nje ya mlango wako. Kabula amekwenda kwa Mama Kulwa kusukwa, kwa hiyo nina saa moja ya kusema na wewe bila mwanao kunichungulia begani.

Nianze na nyumba. Ulisema umejenga Pasiansi, huku Mwanza. Ulisema ziwa unaliona ukiwa kitandani, na chumba changu kipo, kina dirisha la vioo. Ulisema kazi huku ziko nje nje tangu viwanda vya samaki vifunguliwe, minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, siku hizi kila kitu ruksa, mtu mwenye mikono miwili halali njaa. Basi nikawaacha watoto wangu wa chekechea pale misheni. Nikamwacha na Obadia, ambaye baba alikwisha kuipokea posa yake. Aliniambia, "Nenda kamwone dada yako, nitakusubiri."

Nilipanda basi hadi Dodoma, kisha treni hadi Mwanza. Nilishuka stesheni na begi na kapu la viazi, nikakutafuta katika kila uso. Akaja mwanamke nisiyemjua, amemshika mtoto mkono.

"Wewe ndiye mdogo wake Tedi? Macho yenu yamefanana. Mimi jirani yake, Mama Kulwa. Na huyu ndiye Kabula. Dada yako hajisikii vizuri kidogo."

Kidogo! Nilikukuta katika chumba kimoja cha kupanga, Mabatini, katikati ya mawe, choo kimoja kwa nyumba nne. Ulikuwa umevaa sweta niliyokufumia mimi, na ndani ya sweta ile wangeenea wawili kama wewe. Pasiansi mlipanga wewe na shemeji Masanja alipokuwa hai. Alipokufa, wewe ulihama, barua zako zikabaki kulekule.

Ukanishika mkono ukasema, "Kifua tu hiki, mdogo wangu. Kitapona."

Wiki saba, Tedi. Wiki saba nimekuogesha, nimekunywesha uji kwa kijiko, nimekubeba mgongoni kushuka yale mawe hadi barabarani tupate gari la hospitali. Wiki saba ulikuwa na nafasi ya kuniambia. Siku moja yule nesi mrefu akanisimamisha kwenye korido. "Ndiyo wewe mwalimu wa Njombe? Dada yako ametusimulia tangu mwaka jana kwamba utakuja kumlea mtoto." Mimi nimesimama na chupa ya uji mkononi. Tangu mwaka jana! Nikarudi wodini nikakuuliza, "Dada, unaumwa nini?" Ukageukia ukuta ukasema, "Kifua."

Ulikuwa Ukimwi. Nauandika hapa kwa sababu msibani hakuna aliyeutamka. Wengine walisema TB. Wengine wakasema umelogwa na wenzako wa kiwandani kwa wivu. Mchungaji akasema "maradhi ya muda mrefu," akafunga Biblia. Mimi nililitamka neno lile mara moja tu, jikoni, na Mama Kulwa akaniziba mdomo kwa kiganja chenye unga.

Tulipomaliza matanga nilitoa barua zako zote kwenye begi. Nilikuja nazo zote, unaelewa? Nilizifunga kwa utepe. Nikawashia nazo jiko la mkaa, moja moja, na chai iliyotoka hapo niliinywa yote.

Sasa nikueleze ninavyoishi, maana maisha haya uliyapanga wewe.

Naamka alfajiri kuwahi bomba la chini barabarani kabla foleni haijawa ndefu. Kupanda na ndoo kichwani kati ya yale mawe yenu kulinishinda mwezi mzima. Mara mbili nilianguka, na mara ya pili wanawake wa bomba walicheka hadi wakakaa chini. Kabula anakunywa uji, anakwenda shule, yuko darasa la pili. Mimi nakwenda kusimama kwenye geti la kiwanda pamoja na vibarua wengine. Mwanzoni msimamizi alikuwa ananipita kama nguzo. Alipoambiwa kuwa mimi ni ndugu yako akanipa kisu, koti jeupe na buti za mpira. Nasimama pale pale ulipokuwa unasimama. Nakata minofu ya sangara wakubwa kuliko mwanao, vidole vinakufa ganzi kwa barafu. Na mimi nilidhani baridi nimeiacha Njombe!

Minofu inaondoka. Sisi jioni tunapanga mstari kwa ajili ya mapanki, kichwa na mifupa na nyama kidogo iliyosahauliwa na kisu. Wiki za kwanza nilikuwa nikisikia harufu yake inakaangwa natoka nje kutapika. Siku hizi nisipokula samaki naona kama sijala. Hata hilo linaniudhi. Nazoea, Tedi. Nimeanza kuitikia salamu ya Wasukuma "mwangaluka" bila kufikiri, nimejua ni siku gani wale wadudu wa ziwani watakuja kama moshi nifunge dirisha mapema. Muuza mkaa aliponiita Mama Kabula mara ya kwanza nilimpita kama kiziwi. Wiki iliyopita ameniita, nikaitika. Nikasimama njiani na debe langu, nikaona haya kama mtu aliyeiba.

Kabula hakulia. Ulijua kwamba hatalia? Kaburini alisimama wima. Nyumbani alikunja nguo zako moja baada ya nyingine, akaziweka kwenye sanduku, akalikalia. Miezi mitano hakuniita jina lolote. Alikuwa anasema, "Chakula kimeiva," anautazama ukuta. Sikumlaumu. Mimi pia nilikuwa nampikia kama mtu anayetumikia kifungo.

Ilipofika likizo ya mwezi wa sita niliamua kuondoka. Sikumwambia mtu. Nilipanga kumpeleka Kabula Sengerema kwa mama mkwe wako, nimwache huko, kisha nipande treni nirudi kwetu, kwa Obadia, ambaye alikuwa bado ananingoja. Nilimwambia mtoto tunakwenda kumsalimia bibi. Nikafungasha nguo zake zote. Aliponiona natia na madaftari akauliza, "Madaftari ya nini, na shule imefungwa?" Nikamwambia ni ya kujikumbusha. Ndiyo, nilidanganya. Nilijisikia nikidanganya kwa sauti yako.

Feri ilikwenda taratibu, magugumaji yametanda hadi ufukweni. Tulifika mchana. Mama mkwe wako alikuwa uani anachambua pamba.

"Shikamoo, mama."

"Malahaba. Kalibu, mwanangu, kaa. Nilikuwa nakungoja."

"Unaningoja mimi?"

"Tedi alikuja hapa mwaka jana, kabla hajazidiwa. Alikaa hapo hapo ulipokaa. Alisema, 'Mdogo wangu atakuja kutoka Njombe. Akiweza kukaa na mtoto, nitashukuru. Asipoweza atamleta kwako. Mpokee mtoto, usimuulize mdogo wangu neno, umsindikize mpaka ferini.'" Akaendelea kuchambua pamba. "Basi sikuulizi."

Hapo ndipo nilipokuchukia hasa.

Mpaka dakika ile nilikuwa na kitu cha kushikilia. Nilikuwa nasema, dada amenitega, dada amenifunga, mimi sina kosa. Kumbe uliniachia mlango wazi, ukamweka na mtu mlangoni wa kunisindikiza. Ikawa nikiondoka, nimeondoka mwenyewe. Nikibaki, nimebaki mwenyewe. Nesi alijua, Mama Kulwa alijua, bibi kizee wa ng'ambo ya ziwa alijua. Uliwatafuta mmoja mmoja, wewe mgonjwa, ukapanda feri na kushuka, ukawaeleza watu baki habari zangu. Na mimi, uliyelala nami kitanda kimoja miaka kumi na miwili, ukaniandikia mzima wa afya njema.

Kabula alikuwa kwenye kigoda, bakuli la viazi vikavu vya kuchemsha mapajani. Nilidhani hasikilizi. Akasema bila kuinua macho:

"Mama mdogo, mama alijua kwamba atakufa?"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita hivyo. Bibi akawahi, "Mungu ndiye anayejua, mjukuu wangu."

"Alijua," nikasema.

"Mbona hakuniambia?"

"Hata mimi hakuniambia."

Akatafuna kiazi, akameza. "Basi ametukosea."

"Ametukosea sana."

Ndipo akalia, Tedi. Hakulia kile kilio cha kuegemea mtu. Alitupa bakuli, akalipiga teke kapu la pamba likamwagika uani, akakusema maneno ambayo sitayaandika kwa sababu wewe ni mama yake. Bibi akainuka atafute fimbo. Nikamwambia, "Mama, mwache." Kwa miezi yote ile nilikuwa nimezungukwa na watu wanaoniambia dada yako alikuwa mtu mwema, shukuru, nyamaza. Kumbe kulikuwa na mtu mmoja aliyekukasirikia kama mimi, na nilikuwa nimemletea madaftari yake nimwache.

Tuliokota pamba wote watatu. Ilipoisha nikachuchumaa mbele yake, kwa sababu niliona kwamba tangu mwanzo hakuna aliyemuuliza yeye lolote.

"Nilikuleta hapa nikuache," nikamwambia. "Sikukueleza ukweli. Sasa nakuuliza. Unataka kukaa na bibi, au turudi Mwanza?"

"Wewe unataka kukaa na mimi?"

"Sijui. Ila leo sitaki kukuacha."

"Basi twende," akasema. "Kesho utajua."

Sikujua kesho yake, wala wiki ile. Mwezi wa saba kaka aliniandikia kwamba Obadia amevuna mahindi yake na ameoa binti wa Makambako. Nilikaa kitandani na barua ile mpaka mkaa ukazimika. Nilimweleza Kabula kilichoandikwa, chote, na Obadia ni nani. Akachukua ndoo ndogo, akashuka bombani peke yake, akarudi nusu ya maji imemwagika juu ya gauni lake. Akaniwekea miguuni. Labda ni siku hiyo nilipojua. Sina uhakika.

Nimekigeuza kitanda chako kitazame mlango. Pazia nimeondoa, nimeshona jipya. Shuleni nimesema mimi ndiye wa kuitwa mzazi anapohitajika. Msimamizi wa kiwanda amesikia kwamba nilikuwa mwalimu, naye ananiuliza kama naweza kuwafundisha watoto wa wafanyakazi kusoma siku za Jumamosi. Nimemwambia nitafikiri, lakini nimeshanunua chaki.

Kuna jambo limenirudia juzi nikikata samaki. Nilikuwa na miaka sita bibi yetu alipofariki, nawe uliniambia amesafiri, atarudi na miwa. Nilimngoja kwenye njia ya kwenda barabara kuu wiki nzima. Ulikuwa unanifuata jioni, unanibeba mgongoni kunirudisha, na hukusema. Nilikuwa nasikia mgongo wako unatetemeka, nikadhani unaona baridi. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Nakuelewa, dada. Ulidhani kunificha ndiko kunikinga, na hakuna aliyekufundisha namna nyingine. Nakuelewa kabisa, na bado nikikumbuka ule ukuta uliougeukia, naweka kisu chini.

Namsikia mwanao anakuja, anagombana na Kulwa njiani. Kwaheri, Tedi. Kaburi nimelipalilia, mwezi ujao tutalijengea. Sikuombei mabaya. Nakukosa kiasi kwamba wakati mwingine nageuka kazini nikuonyeshe kitu.

Ahadi yangu nampa Kabula, wewe nakuandikia uwe shahidi. Akifika umri wa kuelewa nitamtajia jina la ugonjwa uliokuua, mimi mwenyewe, kabla hajalisikia likinong'onwa bombani. Na siku nitakapoumwa mimi, yeye atajua kwanza. Kabla ya nesi, kabla ya jirani, kabla ya bibi yake Sengerema.

Mdogo wako,
Eliza